Sport wakati wa vita: nani yuko na saa na fasi ya kutunza mwili?

Kwa miaka mingi, siku ya posho na siku ya yenga asubui ndizo zilikuwa siku za sport kule Goma na Bukavu. Mbele ya misa ya kwanza, vikundi vya vijana, pamoja na wababa na wamama wenye wanashinda wamekaa kwenye biro, vilikuwa vinapita barabarani mbio mbio, mumoja anaimbisha, wengine wanaitikia na kupiga mikono. Tangu Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, na Bukavu mwezi wenye ulifuata, ile saa ya mapema imebadilika sura. Mutu mwenye anataka kutoka saa kumi na moja ya asubui anajiuliza kwanza atakutana na nani kwenye kona. Wakaaji wa Beni, Butembo na Bunia wanaijua hali hiyo tangu zamani: Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya état de siège tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka wa 2021, na watu wamezoea kupima kila safari, hata ile ya kufika tu kwenye uwanja wa mupira.

Kwa hiyo, wakati wanganga wanasema kwenye mikro kwamba watu wafanye sport juu ya tension na ugonjwa wa sukari, wasikilizaji wengi wanajibu kwa swali: tufanyie wapi, na saa ngapi? Ni swali la haki. OMS, shirika la afya la ulimwengu, inaomba mutu muzima afanye mwendo wa dakika 150 mupaka 300 kwa juma, yaani dakika 20 na kidogo kila siku, mwendo wenye unapandisha pumzi lakini unamuacha mutu akiweza kuongea. Mwaka wa 2022, watu wazima 31 kwa 100 katika dunia nzima hawakuwa wanafikia kipimo hicho, na wanamuke walikuwa nyuma ya wanaume: 34 kwa 100, wanaume 29. Mara nyingi hesabu hizo zinaelezwa kama habari ya uvivu. Huku kwetu uvivu ni sehemu ndogo sana ya hiyo habari.

Kuna jibu lingine lenye linasikika kila fasi: sport ni ya watu wenye wameshiba, sisi tunabeba, tunatembea, tunalima, mwili wetu unafanya sport bila kulipa. Kweli, nani atamwambia mama wa Bukavu mwenye anapandisha muzigo kutoka ziwani mupaka Kadutu, kamba kwenye paji la uso, kwamba hajitembezi vya kutosha? Ao kijana wa chukudu mwenye anateremusha makala na viazi mupaka Goma? Ao mutoto mwenye anatafuta maji na bidoni ya litre 20? OMS yenyewe inahesabu kila mwendo, ule wa kazi, wa nyumba na wa njia.

Lakini kubeba na kufanya sport si kitu kimoja, na hapa ndipo watu wengi wanajidanganya. Mwaka wa 2021, wachunguzi wa Denmark walitangaza matokeo ya kufuata watu zaidi ya 100 000 wa Copenhagen kwa miaka karibu 10. Watu wenye walikuwa wanafanya mazoezi mengi saa ya kupumzika, hatari yao ya ugonjwa wa moyo na ya kufa mapema ilishuka. Wale wenye kazi yao ilikuwa ya kuinua na kubeba siku nzima, hatari ilipanda. Ni kweli, Copenhagen si Kadutu. Kule hakuna mama wa kubeba kilo nyingi kwa mugongo ili watoto wakule mangaribi. Lakini maelezo yenye wachunguzi wanatoa yanaeleweka hata huku. Wakati wa mazoezi, moyo unapiga nguvu kwa dakika chache, kisha unapumzika na unatoka pale umepata nguvu. Chini ya muzigo, moyo unakazwa masaa na masaa, tension inabaki juu, mugongo na magoti yanainama upande ule ule kila siku, na usiku haitoshi kurudisha kila kitu fasi yake. Mwili unachoka bila kujengeka.

Basi mutu wa kazi nzito na mutu wa biro hawana lazima ya kitu kimoja. Wa biro, ao mwenye kuuza unite na kukaa kwenye kiti tangu asubui, anahitaji kupandisha pumzi: atembee haraka, apande mulima, aruke kamba. Wa muzigo anahitaji kunyoosha ile mishipa yenye imekunjamana, kutuliza pumzi, na kutia nguvu upande wenye kazi haigusi. Ndiyo maana yoga, kitu chenye wengi wanaona kama muchezo wa wazungu wenye pesa, inafaa kuangaliwa vizuri.

Kwanza, haiko ya wazungu. Ilitoka India, zamani sana, na jina lenyewe ni la Kisanskrit. Ile namna yenye inafanywa sana leo, ya kujinyoosha, kusimama imara na kupumua polepole, ilipata sura yake zaidi katika karne ya 20. Mwalimu B.K.S. Iyengar, mwenye alikufa mwaka wa 2014, alifundisha hata wazee na wagonjwa kwa kutumia kiti, kamba na ukuta. Mwezi wa 12 mwaka wa 2014 Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 21 ya mwezi wa 6 kuwa siku ya yoga. Ni kwa hiyo siku askari wa India wa MONUSCO walionekana Goma wamejipanga kwenye majani, wanainama na kuinuka pamoja, na raia wengine wakawaangalia wakijiuliza kama ni parade ao ni maombi.

Kama ni maombi: swali hilo linaulizwa kwenye makanisa mengi ya kwetu, na halifai kuchekwa. Yoga ina mizizi katika dini za India, hakuna mwenye anaficha hilo, na mafundisho mengine ya yoga yanabeba sala na majina ya miungu. Lakini mutu mwenye amelala chini na kuvuta magoti mupaka kifuani hajaabudu kitu. Mwenye jina linamusumbua aache jina, abaki na mazoezi, magoti hayatauliza. Wazee wenye walikuwa kazini wakati wa Mobutu wanakumbuka animation, ile ya kucheza na kuimba sifa za MPR. Hiyo pia ilitoa jasho, na kila mutu alijua kwamba jasho na imani ni vitu viwili.

Pili, yoga haifanye miujiza. Uchunguzi wa Cochrane wa mwaka wa 2017, wenye ulikusanya masomo mbalimbali juu ya maumivu ya mugongo, ulipata kwamba yoga inasaidia kidogo kuliko kukaa bila mazoezi, lakini haikuonekana wazi kwamba inapita mazoezi mengine ya mugongo. Kwa hiyo mwenye anaomba dola juu ya "yoga ya kuponya sukari" anauza maneno. Faida yake kwa mutu wa Goma ao wa Bunia iko fasi ingine: inahitaji fasi ndogo tu, kikwembe ao mukeka chini, na inafanyika ndani ya mulango umefungwa. Haiombi barabara wala saa ya kujificha. Mwanamuke mwenye anaogopa kukimbia na patalo huku wanaume wamejaa kwenye kona, wakimupigia miluzi, anaweza kuifanya nyumbani kwake, watoto wakimuiga.

Na haiko ngumu. Kulala mugongo, kukumbatia magoti na kuhesabu pumzi 10. Kusimama kwa mikono na magoti, kukunja mugongo kama paka mwenye ameamuka, kisha kuushusha. Kusimama wima, mikono juu, kisigino chini. Kukaa na kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4, kuiacha itoke kwa hesabu ya 6. Pumzi yenye inatoka polepole inatuliza moyo, na watu wenye wanaamuka saa nane ya usiku kila wakati wanaposikia mulio wanajua thamani ya hilo. Mama mwenye mimba kubwa asibaki amelala mugongo, na mutu mwenye munganga alimuambia ana tension ya juu sana asikimbilie kuinamisha kichwa chini ya kiuno. Maumivu ya kifua ao kizunguzungu: kuacha palepale, na kwenda kituo cha afya.

Hata hivyo, mutu hataishi kwa kujinyoosha peke yake ndani ya chumba. Mwili unataka pia wenzake. Ndondi, basket, kinga, rumba, kuogelea ziwani Kivu kwa wenye wanajua maji: hivyo ndivyo vinafanya kijana arudi tena kesho, maana kuna mwenzake anamungojea. Kule Bukavu, Cité de la Joie, yenye ilifunguliwa mwaka wa 2011 kwa ajili ya wanamuke wenye waliteswa na jeuri, iliingiza dansi na mafunzo ya kujilinda katika namna ya kuwasimamisha tena. Haikuwa juu ya kupunguza kilo. Mutu mwenye mwili wake ulitendewa kama kitu cha wengine anarudia kuutawala kwa kuuchezesha mwenyewe.

Hapo ndipo habari ya fasi inarudi, na ni habari ya siasa. Bukavu imejaa mupaka kwenye mitelemuko, na uwanja tambarare unahesabika kwa vidole. Stade de la Concorde ya Kadutu haiwezi kubeba muji wote. Goma ilifunikwa katikati na moto wa Nyiragongo mwaka wa 2002, na mawe yake yanakata viatu na miguu. Wakati wa vita viwanja na madarasa vilipokea watu wenye wamekimbia, na hakuna mwenye roho angewafukuza. Lakini kambi kama Bulengo na Lushagala zilivunjwa mwezi wa 2 mwaka wa 2025, watu wakaambiwa warudi kwao. Swali la leo ni fasi zenye zilibaki wazi zitakuwa za nani: za watoto ao za mwenye anakuja na karatasi ya parseli na nguzo za kuzungusha. Mutoto anahitaji dakika 60 za mwendo kila siku, na katika masomo mengi saa ya jimnastiki ndiyo ya kwanza kukatwa. Chefu wa kartiye, muongozi wa masomo na kamati ya wazazi wanaweza kuulizia hilo bila kungojea vita viishe, na bila kujali nani ameketi kwenye ofisi ya juu.

Kwa wenye watatandika mukeka inje, kuna jambo moja lenye halipatikane katika kitabu chochote cha yoga. Moshi wa makala unajaa kwenye parseli saa ile mababula yanawashwa, kwa hiyo mazoezi ya pumzi yafanywe mbele ya hapo ao upande mwingine wa nyumba. Na upande wa magaribi wa Goma, kuelekea Sake, kuna mazuku. Ile hewa ni nzito, inashuka na kujikusanya kwenye mashimo usiku na asubui mapema, wakati upepo haujaamuka. Mutu mwenye anatembea wima anaweza kupita pembeni bila kujua kitu. Mwenye analala chini kwenye bonde na kuvuta pumzi ndefu ndiye anaimeza. Haina rangi wala harufu, na wazee wa pale wanajua mashimo yenyewe moja moja, sababu wamewahi kuokota mbuzi ndani yake. Ni wao wa kuulizwa kwanza.