"Haki ya Kale" au "Haki ya Jadi"? Maneno ya Kigiriki ya Wakati Uliopita na Historia ya Pwani

1.0 Utangulizi

Wanaoandika juu ya historia ya awali ya Pwani ya Afrika Mashariki hawana budi kurejea Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katikati ya karne ya 1 B.K. na mtu asiyejulikana jina. Wengi huisoma kupitia tafsiri za Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba neno moja la matini hiyo, archaios, limebebeshwa mzigo wa miaka ambao halikuumbiwa, na kwamba Kiswahili kina neno linalolifaa kuliko "kale".

2.0 Mwaka unaohesabiwa na mwaka unaozunguka

Kigiriki cha kale kilikuwa na maneno mawili makuu ya mwaka. Etos ni mwaka unaohesabika: miaka ya umri, miaka ya utawala. Eniautos, kwa asili yake, ni mzunguko unaokamilika, majira yakirudi yalikoanzia. Katika Odyssey, kitabu cha kwanza, mstari wa 16, Homer anayatumia yote mawili pamoja: eniautos ndiyo izungukayo, na etos ndio mwaka unaowadia. Hata hivyo, matumizi ya kila siku yaliyachanganya, na Plato, katika Cratylus, anayaeleza kuwa ni jina moja lililogawanywa.

Etos lina historia ndefu. Katika vibao vya udongo vya Knossos na Pylos, ambavyo mwandiko wake ulifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, mzizi wake unaanza na sauti w: we-to. Humo pia limo neno pe-ru-si-nu-wo, yaani "-a mwaka jana", ambalo makarani wa ikulu walilitumia kutambulisha mambo ya mwaka uliotangulia. Wanaisimu hulihusisha etos na vetus la Kilatini, lenye maana ya "-zee" au "-kuukuu". Katika ukoo huu wa maneno, uzee ni hesabu ya miaka.

3.0 Umbali na chimbuko

Vivumishi viwili vya ukale vinafuata njia tofauti. Palaios linatokana na palai, "zamani", nalo hupima umbali. Archaios linatokana na archē, "mwanzo", nalo huelekeza kwenye chimbuko. Kiswahili nacho kina tofauti hiyo. Kale, zamani na kitambo hutazama umbali. Asili na jadi hutazama kitu kilikotoka. Nguo kuukuu si lazima iwe vazi la jadi, na vazi la jadi laweza kuwa limeshonwa jana.

4.0 Kifungu cha 16 cha Periplus

Kifungu hiki kinaeleza kwamba Rhapta, soko la mwisho la Azania, lilikuwa chini ya mtawala wa Mapharitis, kusini-magharibi mwa Arabia, kwa mujibu wa dikaion archaion fulani iliyoliweka chini ya ufalme wa Arabia. Schoff (1912) na Casson (1989) wote walitumia neno la Kiingereza lenye maana ya "-a kale". Kutoka hapo ni hatua fupi tu kwa msomaji kuamini kwamba, wakati huo, utawala wa Waarabu katika Pwani ulikuwa umekwisha kudumu kwa karne kadhaa.

Matini haisemi hivyo. Kifungu hakitaji idadi ya miaka wala jina la mfalme aliyeianzisha haki hiyo. Kinachotajwa ni dai linaloegemezwa kwenye chimbuko. Aidha, kifungu hichohicho kinasema kwamba watu wa Muza ndio waliokusanya kodi huko. Yamkini mwandishi aliipata habari hii kwao, na mtoza kodi hakosi kudai kwamba haki yake ni ya tangu mwanzo. Mwandishi mwenyewe anaiita haki "fulani", bila kuifafanua.

Inaweza kupingwa kwamba kufikia karne ya 1 B.K. archaios lilikwisha kuzoeleka kwa maana ya "-a kale" tu, na kwamba mfanyabiashara hachagui maneno kama mwanafalsafa. Pingamizi hili lina uzito. Hata likikubaliwa, hata hivyo, miaka haipatikani, kwani "kale" lisilo na kipimo haliwezi kuwa tarehe.

Kwa hiyo panatakiwa neno litakalohifadhi wazo la chimbuko bila kuahidi hesabu. "Haki ya asili" haifai, maana katika sheria na falsafa ina maana nyingine, ile ya haki azaliwazo nazo mwanadamu. "Haki ya jadi" inatosheleza: inasema kwamba haki inadaiwa kurithiwa, na inamwachia msomaji kuuliza imerithiwa kwa nani na tangu lini.

5.0 Hitimisho

Tatizo hili si la msamiati peke yake. Kivumishi kimoja kimeweza kutumika kuupa utawala wa kigeni umri ambao matini haiutaji. Mwanahistoria anayetaka umri huo na autafute katika vigae, sarafu na tabaka za udongo. Na mfasiri wa Kiswahili asiitohoe kwa mazoea hukumu iliyokwisha kutolewa katika Kiingereza, bali arejee Kigiriki chenyewe na kupima kila neno la wakati kwa mzizi na muktadha wake.