Mchezo wa bure, malipo ya mzazi

Mchezo wa simu unaoitwa wa bure huingia nyumbani bila makuta yoyote. Malipo yako ndani: sarafu za kuchezea, silaha mpya, maisha ya ziada. Mtoto anabonyeza, dola zinatoka kwenye kadi ya mzazi, na duka la programu linakata sehemu yake, hadi asilimia 30.

Mwaka 2014, nchini Marekani, kampuni ya Apple ilikubali kuwarudishia wazazi angalau dola milioni 32,5. Neno la siri likiingizwa mara moja, watoto waliweza kununua kwa dakika 15 bila kuulizwa tena.

Mzazi wa Goma au Bukavu mwenye kadi ndani ya simu aamuru neno la siri kwa kila ununuzi. Na wauzaji waache kuandika «bure» pale malipo yanapongoja ndani.