Mwimbaji Asiachwe Peke Yake Jukwaani

Ni nadra katika nchi yetu sherehe ya hadhara kupita bila ya wimbo. Iwe ni mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, ufunguzi wa zahanati au mahafali ya shule, mgeni rasmi hukaribishwa kwa kwaya au ngoma, na baada ya hapo ndipo risala husomwa. Ndivyo ilivyo Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida, na ndivyo ilivyo Mkokotoni na Chake Chake. Bahari inatutenga Bara na Visiwani, lakini desturi hii ni yetu sote.

Pamoja na hayo, liko jambo moja ambalo sisi wasikilizaji tumekuwa tukilitazama kwa upande mmoja tu. Kijana anaposimama mbele ya umati, sauti ikamkauka na maneno yakampotea, watu hucheka au humsikitikia, kisha husema kuwa hakujiandaa au hana kipaji. Mara chache tunajiuliza kama sisi wenyewe hatukuchangia. Maoni yetu ni kwamba woga wa jukwaani si aibu ya mwimbaji peke yake. Wimbo ni kazi ya pande mbili, na wale wanaousikiliza, hasa wale wanaoandaa sherehe, wana wajibu wao.

Kwanza yafaa tuuelewe woga wenyewe. Mtu anapojiona anatazamwa na wengi, mwili wake hufanya kama ulivyoumbwa kufanya mbele ya hatari. Homoni ya adrenalini huingia katika damu, moyo huenda mbio, kinywa hukauka, misuli ya shingo na mabega hukaza, na pumzi huwa fupi. Kwa mkimbiaji, hali hiyo ni msaada. Kwa mwimbaji ni taabu, kwa kuwa pumzi na koo ndizo ala zake. Si ajabu basi kwamba sauti hutetemeka na tuni hupotea, hata kama wimbo aliujua vizuri jana yake.

Woga huo hauchagui mdogo wala mkubwa. Mwaka 1934, katika ukumbi wa Apollo mjini New York, msichana wa miaka 17 aitwaye Ella Fitzgerald alipanda jukwaani akiwa amekusudia kucheza dansi. Hofu ikamshika, akabadili nia palepale, akaimba, na akashinda. Mwaka 1960, akiwa tayari ni mwimbaji mashuhuri duniani, alisahau maneno ya wimbo mbele ya maelfu ya watu mjini Berlin. Hakunyamaza wala hakukimbia. Alitunga maneno mengine papo hapo, akawaambia wasikilizaji kwa kuimba kwamba ameyasahau yale ya asili, nao wakamshangilia. Sahani ya onyesho lile ilimpatia tuzo ya Grammy. Somo lililopo ni kwamba kilichomwokoa si kukosa woga. Aliwafanya wasikilizaji wawe washirika wake katika shida ile, nao wakakubali.

Wataalamu nao wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2014, Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti ambamo watu waliambiwa waimbe mbele ya mtu wasiyemfahamu. Wale waliotakiwa kwanza kusema kwamba wana msisimko waliimba kwa usahihi zaidi kuliko wale waliosema kwamba wana wasiwasi. Mapigo ya moyo hayakuwa ndiyo tofauti. Tofauti ilikuwa katika jina walilolipa jambo hilo. Mwalimu wa kwaya anayemkemea mtoto kwa kumwambia asiogope anamkumbusha woga. Afadhali amwambie kwamba moyo unaokwenda mbio ni dalili ya mwili uliokwisha kuwa tayari kwa kazi.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani, hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kufariki mwaka 1950, alitoka katika ufukara wa kuuza vyungu na akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Hakuwa na ukoo wa kujivunia wala mali ya kumkinga na dharau za wakubwa. Aliwafikia watu kwa sababu aliimba kwa Kiswahili, lugha ya wasikilizaji wake, na akaimba juu ya mambo waliyoyajua: dhuluma, kesi za mahakamani, na visa vya Ng'ambo. Aliyesikiliza alijisikia mwenyewe ndani ya wimbo. Mwimbaji anayebeba habari za watu wake hasimami mbele ya wageni.

Tena itazameni taarabu yenyewe. Msikilizaji wa Unguja haketi kama hakimu. Ubeti ukimgusa, huinuka, husogea mbele kwa madaha, humtunza mwimbaji, kisha hurejea kitini. Kwa kitendo hicho amemwambia mwimbaji kwamba ujumbe umefika. Katika ngoma za Bara, kazi hiyo hufanywa na kiitikio. Manju hutoa mstari na umati huujibu, na wakati umati unaitikia, manju hupata nafasi ya kuvuta pumzi na kukumbuka maneno yanayofuata. Wazee wetu walimwekea mwimbaji mahali pa kupumzikia katikati ya wimbo, na waliomsaidia ni wasikilizaji wenyewe.

Sasa tulinganishe na sherehe zetu za leo. Watoto hupangwa juani tangu asubuhi wakimngojea mgeni. Meza kuu huwa kivulini, mbali na kwaya kwa hatua nyingi. Katikati ni uwanja mtupu. Kipaza sauti ni kimoja, na mtoto anakishika kwa mara ya kwanza siku hiyo. Wimbo umetungwa kwa ajili ya kutaja vyeo vya waliohudhuria, si kwa ajili ya kuitikiwa na wananchi. Wakati mtoto anaimba, walioko meza kuu wananong'onezana au wanapitia karatasi za hotuba. Katika hali hiyo, mtoto ataungana na nani?

Huko Iramba, ambako kwaya za makanisa ya Kilutheri zimeimba kwa vizazi kadhaa, binti anaweza kuimba Jumapili kwa sauti iliyonyooka, na siku ya sherehe ya hadhara akashindwa kumaliza ubeti. Vivyo hivyo mtoto wa Kiunguja asiyesita kuongoza kasida usiku wa Maulidi aweza kupigwa na bumbuwazi mbele ya jukwaa la mgeni rasmi. Koo ni lilelile, na kipaji hakikupungua. Kanisani na kwenye Maulidi, waliomzunguka wanaujua wimbo, wako karibu, na wanaitikia. Uwanjani ameachwa peke yake.

Wako watakaosema kuwa ugumu humkomaza kijana. Hatukatai kwamba mwimbaji hana budi kuzoea macho ya watu. Lakini mazoea hujengwa hatua kwa hatua: kwanza mbele ya wenzake watano, kisha darasa, kisha shule nzima, kisha kijiji. Anayetupwa kwenye kina kirefu siku ya kwanza aghalabu hujifunza kuyaogopa maji.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa mikoa na wilaya, Bara na Visiwani. Kwaya isogezwe karibu na watu. Watoto wawekwe kivulini na wapewe maji. Wapewe nafasi ya kujaribu kipaza sauti kabla ya wageni kufika. Kila wimbo uwe na kiitikio ambacho wananchi wanakijua au wanaweza kufundishwa kwa dakika mbili. Maofisa utamaduni wahimize watunzi waimbe juu ya mambo ya mahali pao. Na walimu waliosomea muziki katika Chuo cha Ualimu Butimba, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, watumiwe kwa kazi waliyosomea.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa kuwa aliona nchi isiyothamini utamaduni wake haina roho. Utamaduni huo hauishi katika majalada ya wizara. Unaishi katika koo la mtoto aliyesimama uwanjani, na katika masikio ya wale wanaomtazama. Ikiwa tunataka aimbe, basi nasi tuitikie.