Kijana wa Sheria na Likizo Yake ya Kwanza



Kila mwaka, mitihani ya vyuo vikuu inapokwisha na upepo wa kusi umekwisha shika pwani yetu, hurudi Chikongola vijana waliomaliza mwaka wa kwanza wa kusomea sheria. Wazee huwapokea kwa furaha, na majirani huanza kuwaita mawakili kabla ya wakati. Lakini vijana wenyewe huwa na jambo linalowakaa rohoni. Wamepeleka barua katika ofisi za mawakili, wakiomba nafasi ya kujifunza kazi katika miezi ya likizo ndefu, na wengi wao hawakujibiwa. Baba hujiuliza: mtoto huyu amekosa nini? Na aliyepata nafasi huulizwa swali jingine: mshahara wako kiasi gani? Mwezi huu twapenda kusema machache juu ya jambo hili, kwa sababu nyumba nyingi hupata taabu nalo kwa kutolijua vyema.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba njia ya kijana huyu ni ndefu. Masomo ya sheria ya chuo kikuu yalianza katika nchi yetu mwezi wa Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na wanafunzi wa kwanza hawakufika 15. Mwaka 1963 aliingia hapo Julie Manning, naye mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Basi asiseme mtu kwamba elimu hii si ya mabinti. Leo vyuo vinavyofundisha sheria ni vingi, na hata mkazi wa Mtwara asiyeweza kuhama aweza kuisoma kwa njia ya Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo chake katika mkoa huu.

Lakini shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya shahada yampasa kupita katika Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo aweze kuomba jina lake liingizwe katika orodha ya mawakili. Mwaka 1922 wa mababu zetu mtoto alifunzwa kazi kwa kukaa karibu na fundi. Na mwaka 2022 nchi nzima ilikumbushwa haja ya jambo hilo, yalipotangazwa matokeo ya Taasisi hiyo. Katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kutafuta sababu. Hatutaji hesabu hiyo ili kumtia mtu hofu. Twaitaja ili ionekane kwamba kusoma kitabu cha sheria ni jambo moja, na kulishika jalada la mtu mwenye shida ni jambo la pili. Likizo ya kwanza ndiyo nafasi ya kuanza hilo la pili mapema.

Mbona basi ofisi hazijibu? Tumtazame kijana kwa haki. Mwaka wa kwanza amesoma misingi: mikataba, jinai, katiba. Namna ya kuendesha shauri la madai, na sheria ya ushahidi, kwa kawaida bado hajafika. Hawezi kusimama mbele ya hakimu kumtetea mtu. Wakili anayempokea hapati msaidizi; apata mwanafunzi wa kumfundisha, na wakati anaoutumia kumfundisha ni wakati ambao angeutumia kwa kazi ya wateja wake. Kwa hiyo wengi hawalipi mshahara, na anayetoa nauli ya kila siku amefanya hisani.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani, ambako mtu husoma sheria miaka 3 baada ya shahada yake ya kwanza, chama kinachoshughulika na ajira za wanasheria, NALP, kilikuwa na kanuni kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza na ofisi za mawakili wasianze kuandikiana kabla ya tarehe 1 Desemba, ili watoto wapate kwanza kutulia na vitabu vyao. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2018, na mbio za kuomba nafasi zikazidi kuanza mapema. Ofisi kubwa za kule huwalipa vizuri wachache zinaowachukua. Lakini wengi wa mwaka wa kwanza huenda kwa majaji, katika ofisi za umma na za msaada wa kisheria, na mara nyingi hawapati malipo. Basi kijana wa Chikongola aliyekosa jibu asijione kuwa amefedheheka.

Swali la kweli ni hili: ikiwa hana elimu ya kutosha, anapeleka nini ofisini? Sisi twaona anapeleka kitu kimoja, nacho ni uaminifu. Ofisi ya wakili ni ghala la siri za watu. Humo mna talaka za watu, madeni yao, wosia zao na ugomvi wao wa mashamba. Sheria yetu ya ushahidi humkataza wakili kutoa siri aliyopewa na mteja wake pasipo ridhaa ya mteja huyo, na katazo hilo huwafikia makarani na watumishi wake pia. Kijana anayefungua majalada katika ofisi hiyo, hata kwa wiki 8 tu, ameingia katika amana hiyo.

Na hapa ndipo nyumba nzima inapohusika. Mji wetu si mkubwa. Yaweza kutokea kwamba jalada la kwanza atakalopewa kijana kulipanga ni la mirathi ya jirani wa mtaa wa pili. Jioni anarudi nyumbani, chakula kinatengwa, na shangazi anauliza kwa mapenzi tu: Leo mmefanya nini huko? Nani alikuja? Ni kweli kwamba wale ndugu wanashitakiana? Swali hilo ni jepesi kuuliza, na jibu lake laweza kuvunja undugu wa miaka 40. Kijana akisema, hata akamwambia mama yake peke yake, ameivunja amana. Na neno likisharudi kwa wakili, mlango ule umefungwa kwake, na pengine kwa watoto wengine wa mtaa ule watakaoomba baada yake. Kwa hiyo twawaomba wazazi wafanye jambo moja ambalo halina gharama: wasimwulize. Mwulizeni kama amekula, kama amejifunza, kama amechoka. Mambo ya watu yaacheni ofisini. Nyumba inayomsaidia mtoto kunyamaza imempa mafunzo ambayo hapana chuo kinachoweza kumpa.

Jambo la pili ni la mahali. Vijana wengi hutaka Dar es Salaam, kwa kuwa ofisi kubwa ziko huko. Haya si makosa. Lakini kabla baba hajakubali, na afanye hesabu. Miezi ya likizo ndefu ndiyo miezi ya kupulizia mikorosho dawa, na fedha za mauzo hazijaonekana, kwani minada huanza kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Kodi ya chumba, nauli za kila siku na chakula cha miezi 2 mjini vitatoka katika fungu lile lile la kuwalipa vibarua na kukodi mashine ya kupulizia. Mkorosho usiopuliziwa kwa wakati hauwezi kuombwa radhi. Aliye na mkopo wa serikali na aangalie vyema karatasi zake, maana Bodi ya Mikopo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hutoa fungu la mafunzo kwa vitendo kwa mkopaji ambaye masomo yake yana mafunzo hayo. Asiuzwe mbuzi kabla hilo halijaulizwa chuoni.

Tena, je, Mtwara hakuna sheria ya kujifunza? Mahakama Kuu ina kanda yake hapa, na chini yake mahakama nyingine mpaka ile ya Mwanzo. Hapa ndipo yalipo makao ya Bodi ya Korosho, na hapa hutumika utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka korosho zake ghalani na kupewa hati. Na penye hati pana mambo ya sheria. Kuna gesi ya Mnazi Bay, na bomba lililopeleka gesi Dar es Salaam tangu mwaka 2015, baada ya ghasia za mwaka 2013 ambazo hazijasahauliwa; mambo ya ardhi na fidia yametufundisha sote kwa uchungu kwamba mtu asiyejua haki yake hujua hasira tu.

Na kuna mirathi. Mambo ya mirathi yanayofuata sheria ya Kiislamu au mila husikilizwa katika Mahakama ya Mwanzo. Katika nchi yetu hii ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambako tangu kale ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, mara nyingi hukutana mtoto wa marehemu na mpwa wa marehemu, kila mmoja na hoja yake juu ya nyumba moja. Kijana aliyezaliwa hapa anaelewa maneno yale kabla hayajafasiriwa. Aidha tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, ingawa vyuoni masomo bado ni kwa Kiingereza. Mwenye Kiswahili safi cha kuandika ana kitu mkononi, hata akiwa wa mwaka wa kwanza.

Sasa twaeleza namna ya kuomba. Barua iandikwe mapema, miezi 4 au 5 kabla ya likizo, wala isingoje mitihani ipite. Iwe ya ukurasa mmoja. Iseme jina, chuo, mwaka wa masomo, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na iambatanishwe na barua ya utambulisho ya chuo. Jina la ofisi liandikwe sawasawa. Wakili apokeaye barua yenye jina la ofisi nyingine huiweka kando, naye ana haki. Kijana asijisifu kwa asiyoyajua. Aseme kwa adabu anayoyaweza: kuandika Kiswahili na Kiingereza bila makosa, kupiga chapa, kupanga majalada, kufika kwa wakati, kutunza siri. Alama zake azitaje kama zilivyo. Kisha, kabla ya kwenda, na asome hukumu za Mahakama Kuu Mtwara, ambazo zapatikana bure katika maktaba ya TanzLII kwenye intaneti. Hukumu 5 zilizosomwa kwa makini zitamfaa kuliko suti mpya. Baada ya wiki 2 bila jibu aende mwenyewe, aulize kwa upole, ashukuru, aondoke.

Akikosa kwa mawakili, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kuna ofisi ya sheria ya halmashauri, na kuna wasaidizi wa kisheria waliotambuliwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kazi ya kumsikiliza mjane aliyenyang'anywa shamba ni ile ile, iwe katika jengo la kioo au chini ya bati.

Twaongeza onyo moja. Mjomba anayemfahamu wakili aweza kumpeleka kijana na kumtambulisha. Hilo ni jambo jema. Lakini nafasi isinunuliwe. Na wazazi wenye mabinti na wajue kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani yeyote mwenye madaraka anayedai mwili wa mtu ili ampe kazi au nafasi. Binti akija nyumbani akasema kwamba ameitwa kwa mahojiano usiku au mahali pasipo ofisi, asikaripiwe wala asiambiwe avumilie. Asikilizwe, na nafasi hiyo iachwe, na mambo yapelekwe panapohusika.

Enyi vijana, mwaka huu mkipewa kazi ya kubeba majalada kutoka ofisini hadi masjala ya mahakama, msione haya. Jalada lile ni nyumba ya mtu, ni shamba la mtu, ni mtoto wa mtu. Atakayelifikisha salama na kunyamaza juu yake ndiye ambaye kesho ataaminiwa kulifungua na kulisemea. Nanyi wazazi, mpokeeni jioni kwa chakula, wala msimpokee kwa maswali.

Mwenyezi Mungu awajaalie kuwa watunza amana.