Nyanda za Juu Kusini nazo zina historia ya soka

Mwandishi wa makala, uliposema ubingwa wa soka wa Tanzania Bara ni wa Dar es Salaam tu umetusahau sisi wa mikoani. Mseto ya Morogoro ilibeba ubingwa 1975, na Tukuyu Stars ilipanda daraja ikachukua ubingwa 1986 msimu uleule! Mimi ni wa Makambako. Njombe Mji ilipopanda ligi kuu 2017/18 tulijaza basi la Kosta kwenda uwanja wa Sabasaba kuiona Yanga, na wazee waliozoea kuisikia redioni walifika mapema kuliko sisi vijana. Ni kweli Njombe Mji ilishuka msimu huohuo, pamoja na Majimaji ya Songea. Lakini kushuka hakufuti historia. Naomba wachezaji wa timu hizo waandikwe majina wakiwa bado hai.