Ilani ya Kamina: Funguo Zisizikwe na Mtu

Sisi wana wa Kamina, wa likelemba, yaani michango ya kupokezana, na wa mashirika machanga ya blokicheni yasiyo na mkubwa, tunaanzisha leo vuguvugu letu.

Mababu wametuachia somo. Alipokufa mfalme Kasongo Kalombo, warithi waligombea kiti, kisha Wabelgiji wakaukata ufalme wa Waluba vipande viwili, Kasongo-Niembo huku, Kabongo kule. Kumbukumbu haikukosekana: wazee wa chama cha Mbudye walikuwa na lukasa, kibao cha shanga kilichohifadhi habari za wafalme, na waliokisoma walikuwa wengi, si mtu mmoja. Kilichokosekana ni mapatano ambayo ndugu wote wangeyaheshimu baada ya msiba.

Blokicheni nayo ni daftari la wengi. Lakini hazina hufunguliwa kwa funguo, na funguo hushikwa na watu: wanaugua, wanahamia Lubumbashi, wanakosana. Akifa mwenye M-Pesa, familia hubeba karatasi hadi ofisini. Kwenye blokicheni hakuna ofisi. Mwaka 2018 Gerald Cotten, mkuu wa soko la sarafu za kidijitali la QuadrigaCX la Kanada, alifariki India, na wateja wakaambiwa kwamba funguo alizijua yeye tu. Uchunguzi ukaonyesha baadaye kwamba fedha nyingi alikuwa ameshazipoteza mwenyewe, kwa ulaghai. Hilo ndilo linalotutisha zaidi: aliyeshika funguo peke yake hakaguliwi hata akiwa hai.

Kwa hiyo tunadai hazina yoyote ifunguliwe kwa saini 3 kati ya 5, na watia saini wasitoke nyumba moja. Kila mmoja amtaje mrithi wake mbele ya wanachama akiwa bado ana nguvu zake. Muhula wa kila mtia saini uandikwe ndani ya programu yenyewe ya hazina. Asiyechaguliwa tena, ufunguo wake ubadilishwe siku hiyohiyo. Kura ya uongozi iwe mtu mmoja, kura moja, maana zikihesabiwa tokeni, tajiri atajinunulia kiti. Na kila mwaka kiongozi akae wiki nzima bila simu, tuone kama malipo yanatoka.

Waanzilishi watanung'unika, tunajua; waanzilishi wenyewe ni sisi. Majina ya warithi wetu yatasomwa katika mkutano wa kwanza, kabla faranga ya kwanza haijaingia hazinani.