Tembe Hazigawanywi kama Unga

Tangu VAT ya mafuta ipande kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, nauli imekula sehemu ya unga katika nyumba nyingi hapa Kakamega. Wengi hupunguza nyama kwanza. Hapo sina ugomvi, mrenda na kunde havijamdhuru mtu. Ninayemhofia ni mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza tembe leo na kuruka kesho ili zifike mwisho wa mwezi. Kwa kuwa hasikii maumivu, hudhani ameokoa pesa. Kumbe presha yapanda kimyakimya, na kiharusi hakingoji mshahara. Mwambie daktari wako waziwazi kwamba pesa hazitoshi. Mara nyingi ipo tembe ya bei nafuu ifanyayo kazi ile ile.